Kumbukumbu ya mradi wangu: watoto tisa na mlango wa dojo

Wiki ya 1

Mwanangu mwenye umri wa miaka 9 amekataa kwenda karate Jumamosi ya tatu mfululizo, akisema kwamba tumbo linamuuma, na maumivu hayo huisha mara tu saa ya darasa inapopita. Nilipompigia simu mwalimu wake, ambaye watoto na wazazi humwita Sensei, alinieleza kwamba kati ya watoto 16 walioanza mwezi wa Januari wamebaki 9, na kwamba wanne kati yao huja wakivutwa mkono. Mimi sijawahi kuvaa mkanda wa aina yoyote. Hata hivyo nimemwomba ruhusa ya kufika nusu saa mapema kila Jumamosi katika dojo, yaani ukumbi wanakofanyia mazoezi, huku Eastlands jijini Nairobi, karibu na barabara ya Jogoo, nikae mlangoni na daftari na kuandika ninachokiona.

Wiki ya 2

Jambo moja nimeliona wazi. Hakuna mtoto aliyelia baada ya dakika kumi za kwanza. Machozi yote, pamoja na ubishi na kung'ang'ania nguo ya mzazi, yalitokea kati ya steji ya matatu na mlango wa ukumbi, na mazoezi ya kupasha mwili moto yalipoanza, wale wale waliokuwa wakilia walikuwa wanakimbia na wenzao. Tulikuwa tukijiuliza kwa nini watoto hawapendi karate, ilhali swali lilikuwa ni nini kinachowashinda mlangoni.

Wiki ya 3 hadi ya 5

Kabla ya kulifuata swali hilo nilijaribu njia ya mkato. Nilichora jedwali kubwa lenye nafasi ya kubandika nyota, na kila aliyefika alipata nyota na pakiti ndogo ya biskuti. Wiki ya kwanza walikuja wote 9. Wiki ya pili walikuja 8. Wiki ya tatu biskuti zilichelewa, na mvulana mmoja ambaye zamani alikuwa akija kwa hiari yake aliuliza kama zipo, akaambiwa bado, akaketi ukutani na kukataa kuvua viatu.

Nilisikitika sana, kwa kuwa huyu hakuwa hata miongoni mwa wale wanne. Usiku huo nilisoma kuhusu jaribio lililochapishwa mwaka wa 1973 na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett huko Marekani. Waliwachukua watoto wa shule ya chekechea waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti iwapo wangechora. Wiki moja hadi mbili baadaye, watoto walioahidiwa cheti walitumia takriban nusu tu ya muda uliotumiwa na wenzao kuchora, na waliopewa cheti bila kuahidiwa mapema hawakupoteza hamu. Nilichokuwa nikifanya kilikuwa hicho hicho: nilimpa mtoto sababu mpya ya kuja, nayo ikaifukuza ile aliyokuwa nayo. Jedwali nimeliondoa.

Wiki ya 6

Mwanangu amesema. Sikumuuliza nyumbani, maana kila nilipomuuliza nyumbani alijibu kwa tumbo. Alisema ndani ya matatu, akitazama nje, kwamba hajui kufunga mkanda. Watoto wakubwa hufunga fundo lao upesi na kupanga mstari, naye hubaki nyuma, mkanda ukining'inia, mpaka mtu amfungie mbele ya wote. Kwa hiyo adui wetu kwa miezi miwili alikuwa kipande cha kitambaa.

Tulifanya mazoezi ya fundo lile jioni nne mfululizo, mkanda ukizungushwa kiunoni mara mbili, ncha moja ikipitishwa chini ya tabaka zote, kisha fundo bapa likikazwa. Nilimweleza Sensei, naye akaanzisha utaratibu wa kufunga mikanda wakiwa wameketi wawili wawili, mkubwa na mdogo, kabla ya mstari kupangwa. Ni dakika tatu tu, nazo zimebadilisha mlango ule kuliko pakiti zote za biskuti.

Wiki ya 7 na ya 8

Msichana mmoja wa miaka 7 huletwa na nyanya yake, ambaye sote tunamwita Shosho. Nilimwuliza, "Shosho, huyu akiwa nyumbani hufanya karate?" Akanijibu, "Hufanya kila siku, lakini kimya kimya. Hapa mnamtaka apige kelele."

Jibu hilo lilitupeleka kwenye kata, yaani mfululizo wa harakati zilizopangwa, ya kwanza ya mtindo wa karate uitwao Shotokan: Heian Shodan, yenye harakati 21. Kata za kundi hili zilitungwa na Anko Itosu wa Okinawa, mtu aliyeipeleka karate katika shule za huko mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo zina historia ndefu ya kufundishwa watoto. Kiai, yaani ule mlio wa nguvu, hutolewa mara mbili: katika harakati ya 9 na ya 17. Sensei alikuwa akifundisha kata nzima na kuwarudisha mwanzo kila walipokosea, hivyo mtoto mgeni alikuwa akienda nyumbani kila wiki bila kumaliza chochote. Tulikubaliana aikate penye kiai ya kwanza, ili harakati 9 ziwe kazi kamili, na mlio utolewe na kundi zima kwa pamoja, pasipo mtoto kusimamishwa peke yake. Jumamosi ya pili, mjukuu wa Shosho alifungua mdomo. Sauti haikusikika, lakini mdomo ulifunguka, nami niliona fahari kana kwamba ni wangu.

Wiki ya 9

Mvua kubwa. Walikuja 4.

Wiki ya 10

Msichana mmoja ameacha. Mama yake alinitaka nimshawishi, nami nilizungumza naye kwa muda mrefu. Hakuwa na hofu wala aibu. Anapenda mpira wa miguu na mazoezi yao ni saa ile ile. Nilimwambia mama yake kwamba huyu hana kikwazo cha kuondolewa. Sensei alimwita mbele, wakainamiana kwa heshima, na wenzake wakampigia makofi. Wiki hiyo hiyo mvulana aliyekuwa ameacha mwezi wa Februari alirudi, akisema amesikia kwamba siku hizi mtu hafungiwi mkanda mbele za watu.

Wiki ya 11

Jumamosi hii mwanangu alisema tena kwamba tumbo linamuuma. Nilimgusa paji la uso, likawa la moto kweli, nikamlaza. Alilia kwa sababu ilikuwa zamu yake kuketi na mjukuu wa Shosho wakati wa kufunga mikanda. Nilimpigia Sensei simu ampe mtoto yule mwenzi mwingine, na wiki ijayo wote wataanza harakati ya 10.