Jinsi nilivyopata picha safi kwenye treni ya Nullarbor

Safari yangu ya kwanza kwa Indian Pacific, treni ya Australia inayotoka Sydney hadi Perth, kilomita 4,352, nilirudi na picha za shati langu jeupe. Kweli kabisa: shati, taa ya behewa, na jangwa la Nullarbor likionekana kwa mbali nyuma yake. Madirisha hayafunguki, na kila kioo kilinirudishia sura yangu.

Mara ya pili nilivaa nguo nyeusi, nikazima taa, nikazungushia lenzi kitambaa cheusi kilichogusa kioo. Lenzi yenyewe niliiacha nafasi ya kidole kimoja, maana ikiegemea kioo inatikisika pamoja na treni. Kichujio cha polaraizi, kile cha kupunguza mng'ao, nilichokitegemea sana, nilikivua: kwenye madirisha mengine kinaleta madoa ya rangi za upinde wa mvua. Kasi ya shata niliiweka sekunde 1/1000, na vichaka vya karibu na reli vikaacha kuwa ukungu.

Kilichobaki ni jua. Kule, adhuhuri jua huwa kaskazini, na treni inaelekea magharibi. Kwa hiyo saa hizo nilipiga upande wa kushoto, kusini, mwanga ukiwa mgongoni.

Ile picha ya treni ikijipinda, niliyoisubiri siku nzima safari ya kwanza? Nilifungua ramani nikajicheka. Pale Nullarbor reli imenyooka kilomita 478 bila kona hata moja. Safari hii niliweka alama kwenye kona zilizoko kabla ya uwanda huo, nikaipata ya kwanza tu, kikombe cha chai kikimwagika mapajani.