Chupa ya mguu

Jana mwanangu alifungua friza akaikuta ile chupa ya nusu lita, imeganda, kifuniko kimezungushiwa plasta. "Baba, hii mbona haturuhusiwi kunywa?" Nikamwambia ni ya mguu. Akanitazama kama nimemwambia ni ya mganga.

Kisigino changu cha kulia kilikuwa kinaniuma. Hatua ya kwanza asubuhi ilikuwa kukanyaga msumari. Nikifika mlangoni kinalegea, najidanganya kimepona, naingia barabara ya Iringa, hapa Dodoma, nakimbia kilomita 10, kesho yake nalipia. Soli za jeli nilinunua, sindano nilichomwa, wiki tatu nilipumzika. Wapi! Ndipo mtaalamu wa mazoezi tiba akanieleza kuhusu ule utando mnene wa chini ya unyayo, unaoanzia mfupa wa kisigino mpaka vidoleni. Alisema wangu umechoka, kupumzika peke yake hakuupi nguvu. Jioni niviringishe chupa ya barafu chini ya unyayo, maumivu yatulie. Kazi yenyewe iko ngazini: taulo lililokunjwa chini ya vidole, kisigino kining'inie, panda sekunde 3, tulia 2, shuka 3. Mara 12, siku moja ndiyo, moja hapana.

Sasa, ile alfajiri ya Julai pale Nkuhungu. Upepo unakata masikio, umeme hakuna. Nimevaa bukta, ile fupi ya mbio, nimesimama mguu mmoja kwenye ukingo wa baraza, nimeshikilia nondo za dirisha, nahesabu kwa sauti. Nilichosahau ni kwamba mama mkwe aliingia jana yake kutoka Kongwa na debe la karanga, na dirisha lile ni la chumba alicholala.

Pazia likafunguka. Uso wake na wangu, katikati nondo.

Nikiachia, naanguka. Nikikimbia, bukta yote ataiona.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa bado juu.

"Marahaba, mkwe. Unasali?"

"Hapana mama. Ni mguu."

Akatafakari. Halafu akalirudisha pazia polepole, kama anayefunika sufuria ya watu wengine.

Kwenye chai hakunitazama. Alimuuliza binti yake, mimi nikiwa palepale: "Hayo anayofanya mwenzio, na magoti yanatibu?" Siku ya nne nilimkuta kwenye nguzo ya mwisho ya baraza, kanga kiunoni, taulo chini ya vidole, anapanda na kushuka. Nikasogea upande wangu (suruali ndefu, tafadhali). Tukahesabu kila mtu kivyake, hatutazamani.

Kufika Krismasi nilikuwa napanda kilima cha Chimwaga bila kuchechemea. Ni taulo, ni raba mpya nilizonunua, au ni muda tu, sijui. Vyote nilivifanya kwa pamoja. Magoti yake bado yanamsumbua. Juzi alipiga simu kuuliza kama taulo lazima liwe jipya.