Kasha la Yoashi: daftari la mtaa wetu na darasa la watoto

5 Januari 2025

Leo baada ya ibada nimekabidhiwa hazina ya mtaa wetu, yaani kanisa letu dogo lililo chini ya usharika: daftari moja kubwa, stakabadhi zilizofungwa kwa mpira, bunda la bahasha za ahadi ambazo bado hazijagawiwa, na ufunguo. Mama aliyeishika kazi hii kwa miaka mingi amehamia kwa mwanawe, na baraza la wazee likanitaja mimi kwa sababu niliwahi kuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, hukuhuku Machame, Kilimanjaro.

Mizani ilinifunza jambo moja. Mkulima haondoki kabla hajauona mshale kwa macho yake. Ukimtajia kilo bila yeye kuona, hata kama ni sahihi mpaka gramu ya mwisho, anarudi nyumbani na donge moyoni, na mwaka unaofuata kahawa yake anampelekea mtu mwingine.

Mbali na hazina, nafundisha shule ya Jumapili, mwaka wa tano sasa. Nimeamua kuandika kumbukumbu hii kwa ajili ya kazi zote mbili, ili atakayenifuata asianzie gizani.

19 Januari

Jioni tatu nimekaa na daftari, nikirudi nyuma hadi 2022. Mwandiko ni mzuri na jumla zinakubaliana. Kuna safu sita: sadaka ya ibada, ahadi, shukrani, mavuno, mnada, jengo.

Watoto hawamo.

Nilidhani nimepitiwa. Kila Jumapili watoto wetu hutoa sadaka darasani, kwenye kikapu kidogo cha ukindu, na mmoja wao hukileta kanisani kabla ya baraka. Kikapu humiminwa ndani ya kile kikubwa. Basi. Kwenye matangazo mwinjilisti husoma mahudhurio ya Jumapili iliyopita, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa, kisha husoma sadaka. Watoto tunawahesabu vichwa, ila walichotoa hakisomwi popote.

Nikageukia upande wa matumizi. Kwa miaka mitatu nimekuta shule ya Jumapili mara mbili tu: chaki, na soda za Siku ya Mikaeli na Watoto, sikukuu ya watoto kanisani mwishoni mwa Septemba. Nasema wazi kwamba hakuna aliyeila fedha ya watoto. Ililipa umeme, ikanunua mafuta ya jenereta, ikachangia msiba. Ilikuwa fedha isiyo na jina, na fedha ya namna hiyo huchukuliwa na shida ya kwanza inayobisha hodi.

Wakati huohuo darasa letu liko chini ya mparachichi nyuma ya kanisa. Watoto arobaini na kitu, Biblia mbili, na mojawapo imenyofoka, inaishia katikati ya Waebrania.

2 Februari

Nimechora safu ya saba. Nimeandika juu yake "Watoto".

Sikutaka iwe safu ya kwenye daftari langu tu, watoto wasijue. Kwa hiyo somo la leo lilikuwa 2 Wafalme 11 na 12. Nimefundisha Daudi na Goliathi hadi nimechoka, lakini Yoashi sikumbuki nilimfundisha lini mara ya mwisho, na hadithi yake ni ya watoto kabisa. Bibi yake Athalia anaua ukoo wa kifalme. Shangazi yake Yehosheba anamwiba mtoto pamoja na yaya wake, anawaficha nyumbani mwa Bwana miaka sita. Mwaka wa saba kuhani Yehoyada anamtoa hadharani, anamvika taji, tarumbeta zinalia. Mfalme ana miaka saba.

Binti mmoja aliyekaa mbele akashika mdomo. "Mwalimu, alikuwa wa darasa la kwanza?"

Nikawaambia naam, umri huohuo. Kuanzia hapo sikuhitaji kumnyamazisha mtu.

Sura ya 12 ndiyo iliyonihusu mimi. Yoashi akiwa mkubwa aliagiza fedha inayoletwa hekaluni itengeneze mahali palipobomoka. Makuhani wakaipokea. Mwaka wa ishirini na tatu wa utawala wake, palipobomoka pakawa pamebomoka vilevile. Biblia haisemi waliiba. Nadhani fedha iliingia mikononi mwao ikachanganyika na nyingine. Ndipo Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanakuja, wanahesabu, wanafunga mifukoni, na fedha inakwenda moja kwa moja kwa maseremala, waashi na wakata mawe.

Nasi tukatengeneza kasha letu. Fundi mmoja wa mtaani alitoa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi yake na akaja na keke ya kutobolea mbao. Kila mtoto alizungusha keke mara moja. Tundu limetoka pana upande mmoja, lakini ni lao.

Kuhesabu: watoto wawili kwa zamu, mzee wa kanisa mmoja, na mimi naandika. Tunahesabu kwa sauti, mezani, wengine wakitazama. Leo zimekuwa shilingi 3,850, karibu zote sarafu za mia na mia mbili.

2 Machi

Februari: 3,850, 4,200, 2,950, 5,100. Jumla 16,100. Zile 2,950 ni Jumapili ya mvua ya ghafla.

Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu sana, alinisubiri mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia kwenye neno lake bila kuzunguka. "Mwanangu, mbona unawafundisha watoto kutazama fedha ndani ya nyumba ya Mungu? Umesoma mstari wa 15? Hawakuwadai hesabu watu wale, kwa maana walitenda kwa uaminifu."

Ni kweli, ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwonyesha mstari wa 10, kwamba kabla fedha haijafika kwa hao mafundi waaminifu, watu wawili kutoka nyumba mbili tofauti, ya mfalme na ya kuhani, walikuwa wameihesabu pamoja. Nikamkumbusha na Paulo katika 2 Wakorintho 8, alivyotuma ndugu kadhaa na mchango wa Yerusalemu ili asiwepo wa kuwalaumu, wakitafuta yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Uaminifu ulikuwepo, na kuhesabu kulikuwepo.

Hatukukubaliana. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama pembeni ya meza ya watoto mpaka sarafu ya mwisho.

27 Aprili

Masika. Mparachichi hauzuii kitu. Jumapili mbili darasa limehamia kona ya nyuma ya kanisa, tukisubiri watu wazima watoke kwanza, na moja tulikatisha kabisa. Pasaka watoto waliimba vizuri. Sina zaidi.

15 Juni

Mnada umenichukua mwezi mzima, na naandika kwa kirefu kwa sababu kila mtunza hazina wa huku atakutana nao.

Kwa msomaji asiyejua: baada ya ibada tunasimama nje, na vile vilivyoletwa kama sadaka ya mazao vinanadiwa. Mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo, galoni ya maziwa, debe la mahindi, parachichi kwenye sahani. Mwenye mayai hana fedha, mwenye fedha hana mayai, na wote wawili wanatoa. Mara nyingi mtu ananunua kitu na kukirudisha mezani kinadiwe tena, hivyo jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara nne asubuhi moja. Naupenda mnada. Kuna bibi ambaye hana bahasha wala ahadi, lakini hakosi mayai sita kwenye kitambaa, na jina lake linatajwa mbele za watu wote.

Tatizo ni neno "nitaleta". Mtu anapandisha dau kwa furaha, anachukua mkungu, mfukoni hana kitu. Karani wa mnada aliandika jumla iliyouzwa, hazina ilipokea iliyolipwa, na daftari likabeba ile ya kwanza. Hapo ndipo hesabu ya Machi ilipokuwa ikinisumbua. Nimepitia karatasi zote za mnada tangu Februari: yasiyolipwa ni shilingi 186,000.

Nilichofanya: safu ya mnada inaandikwa fedha iliyofika tu. Madeni yana ukurasa wake nyuma, na kila mdaiwa nimemwendea mwenyewe, nyumbani kwake, jioni. Kusoma majina ya wadaiwa kwenye matangazo kulipendekezwa barazani nami nilikataa kwa nguvu zangu zote. Mtu akiaibishwa kwa ajili ya mkungu wa ndizi, mtampoteza yeye na nyumba yake. Mpaka leo zimerudi 121,000. Wengi walikuwa wamesahau tu.

Jingine la aina hiyo ni sadaka za simu. Watoto wetu wakubwa walioko Dar es Salaam na Arusha hutuma, na kwa muda mrefu walituma kwenye laini ya mtu binafsi. Hata malaika hawezi kutenganisha sadaka na fedha ya vocha kwenye laini moja. Mchungaji amekubali tupate namba ya kulipia yenye jina la kanisa, na ujumbe wa kila muamala ninaunakili daftarini siku hiyohiyo.

6 Julai

Nimesoma taarifa ya nusu mwaka kwenye matangazo, safu zote saba. Watoto, kuanzia Februari hadi Juni: shilingi 91,700. Kanisa lilinyamaza kidogo, kisha vigelegele vikatoka upande wa akina mama. Hakuna aliyejua kwamba sarafu zile zinafika hapo.

Juma lililotangulia niliwauliza watoto wenyewe zifanye nini. Wavulana watatu walitaka mpira, nami sikuwacheka, ni ombi la haki. Wengi walitaka Biblia, kwa sababu wamechoka kusubiri zamu ya kusoma. Tumenunua Biblia tatu za jalada gumu, ubao mdogo na chaki. Zimetumika 58,500, zimebaki 33,200. Stakabadhi nimeibandika ndani ya kifuniko cha kasha, wakifungua wanaiona.

Darasani tumebadilisha kitu kimoja. Zamani nilisoma mimi, wao wakarudia. Sasa wamekaa makundi matano, kila moja na Biblia yake, na ninataja kitabu, sura na mstari, wao wanatafuta. Mara ya kwanza kupata Obadia kulichukua dakika nzima. Sasa nimeanza kushindwa mimi.

28 Septemba

Siku ya Mikaeli na Watoto. Ibada yote wameongoza wao: salamu, masomo, sala, sadaka. Vitabu 66 walivitaja kwa wimbo, vile 39 vya Agano la Kale vikaenda vizuri hadi wakakwama kati ya Habakuki na Hagai, na sauti ya mzee wangu wa mstari wa 15 ikasikika kutoka kiti cha mbele: "Sefania!" Wakaendelea.

Kisha yule binti aliyeuliza kama Yoashi alikuwa darasa la kwanza alisimama kwenye kigoda cha mbao ili akifikie kipaza sauti, akasoma taarifa ya safu ya watoto. Kilichobaki Juni, 33,200. Kilichoingia hadi Jumapili iliyopita, 48,300. Kilichopo, 81,500. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nilikuwa nimemwandikia kwa maneno chini ya kila tarakimu, hakuyatazama.

Sadaka ya leo baraza liliielekeza kwa darasa. Pamoja na mnada, ambapo trei moja ya mayai ilirudi mezani mara tano, imepatikana 412,000, yote imelipwa hapohapo. Safu ya saba sasa ina 493,500.

12 Oktoba

Mipango.

Banda la darasa. Fundi amepima mahali kati ya mparachichi na ukuta: nguzo, mabati, saruji kidogo ya sakafu, mabenchi ya mbao, kazi. Makadirio yake ni 2,340,000. Kwa Jumapili mbili za mwezi huu tuna 501,400. Pungufu ni 1,838,600.

Kila mtu ananiambia nisubiri Desemba. Wote tunaijua Desemba ya Machame: magari ya wanaorudi nyumbani yanapanda mlima, nyumba zilizofungwa zinafunguliwa, na ibada ya Krismasi watu wanasimama hadi nje. Sadaka ya majuma hayo inabeba sehemu kubwa ya mwaka wetu. Lakini kabla haijafika ina wenyewe tayari, yaani posho ya mwinjilisti, umeme, na mgawo wa usharika na dayosisi. Tukiwapokea wageni kwa harambee ya kushtukiza, watatoa, ila watatoa kama anayelipa faini. Nimependekeza wapelekewe taarifa yote ya mwaka kwa simu mwishoni mwa Novemba, safu saba, na makadirio ya fundi kama yalivyo. Waje wakijua.

Baraza linakaa tarehe 26. Naomba mambo mawili: fungu la shule ya Jumapili liandikwe kwenye bajeti ya 2026, hata kama ni dogo, na vijana wawili waliomaliza kipaimara wanisaidie kufundisha, maana wadogo wa miaka minne hawawezi kukaa na wa miaka kumi na miwili.

Masomo. Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, yanaanza 30 Novemba na Pasaka ni 5 Aprili, jumla Jumapili 19. Injili ya Marko ina sura 16. Nikiacha Jumapili tatu za Krismasi na mwaka mpya, ambazo watoto wako kwenye maigizo au kwa wageni wao, kila Jumapili inapata sura moja, msalaba wa sura ya 15 unaangukia Matawi, na kaburi tupu linaangukia Pasaka yenyewe. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sura ya 12, ya mjane na senti zake mbili, itakuwa 8 Machi. Siku hiyo kasha nitaliweka katikati ya duara.

Na kasha lenyewe linahitaji fundi. Tangu Mikaeli watu wazima wameanza kutia humo noti zilizokunjwa, na leo noti ya elfu moja imekwama tunduni mpaka tukaitoa kwa njiti. Jumapili ijayo keke inarudi. Wale wadogo waliojiunga Julai hawakuwepo mara ya kwanza, kwa hiyo watazungusha wao.