Kumbukumbu ya mradi: kusoma mawimbi ya meli nikiwa juu ya paa, Dar es Salaam

Kipokezi changu cha AIS sasa kinasoma meli zilizotia nanga nje ya bandari. Kilichokifikisha hapo ni hatua moja ya hesabu, ya kupima kosa la masafa, na hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa urefu, maana maelezo mengi ya miradi ya namna hii huipita mbio.

Kwa asiyeijua AIS: ni mfumo wa redio ambao kila meli hutangaza namba yake, mahali ilipo, mwendo wake na inakoelekea, bila kuulizwa na mtu. Meli za abiria, na zile za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, zinalazimika kuwa nao. Iliyotia nanga hutangaza kila dakika 3; inayopita kasi ya maili za bahari 23 kwa saa hutangaza kila sekunde 2. Kwa hiyo boti za kasi za Unguja ndizo zilizonifaa zaidi, kwa sababu hutoa ujumbe mwingi wa kujaribia. Majahazi na ngalawa hayamo, na kwangu hilo ni pengo kubwa: ramani inayotoka humu ni nusu tu ya bahari yetu.

Vifaa ni vichache: dongo ya RTL-SDR (kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta), antena ya fimbo mbili za sentimita 45 hivi zilizosimamishwa wima, na laptopu. Programu za kufanya kazi hii zipo tayari, na ni nzuri. Mimi nataka kuandika kila hatua mwenyewe kwa Python, lugha ya programu, kuanzia namba ghafi mpaka jina la meli.

AIS ina chaneli mbili, megahezi 161.975 na 162.025. Nimeiweka dongo katikati kabisa, 162.000, ili ile kelele yake ya katikati iangukie kwenye uwazi baina ya chaneli. Nachukua sampuli (vipimo vya wimbi) 288,000 kwa sekunde, ambazo ni mara 30 ya kasi ya biti, 9,600. Nazizidisha kwa namba changamano (yenye ukubwa na pembe) inayozunguka ili chaneli moja ishuke hadi sifuri, nazipitisha kwenye kichujio kipana, kisha nabakiza moja katika kila sita. Zinabaki 48,000, yaani sampuli tano kwa kila biti.

Sasa penye uzito. Kristali ya dongo ya bei nafuu, ile inayoipangia masafa, ikikosea sehemu 20 tu kwa milioni, kwenye megahezi 162 kosa hilo ni hezi 3,240. Wimbi lenyewe la AIS huyumba hezi 2,400 tu kila upande ili kutofautisha biti. Maana yake sifuri na moja zote huangukia upande mmoja, na kipokezi kinachoamua kwa kuangalia hasi au chanya hakiambulii chochote. Tena kosa halitulii. Chini ya bati, jua la mchana huisogeza kristali na usiku huirudisha, na kila meli nayo inaruhusiwa kupotoka hadi hezi 500. Kurekebisha mara moja asubuhi hakutoshi. Kila ujumbe unahitaji kipimo chake.

Njia niliyoichagua ni kuinua wimbi kwa kipeo cha pili. AIS hutumia modulesheni ya GMSK, yaani namna ya kubeba biti kwa kuyumbisha masafa taratibu, ya ukoo mmoja na ile ya simu za 2G. Ukilitazama wimbi la GMSK lilivyo, unaona kilima kipana kisicho na ncha. Ukizidisha kila sampuli kwa yenyewe, pembe zake zinakuwa maradufu, na katika mgeuzo wa Fourier, hesabu inayoonyesha wimbi lina masafa gani, zinachomoza ncha mbili kali zilizoachana hezi 9,600. Katikati ya ncha hizo ni mara mbili ya kosa la masafa. Unagawa kwa mbili, basi. Ujumbe mmoja wa AIS una nafasi ya milisekunde 26.67, kwangu ni sampuli 1,280. Nikizijazia sifuri hadi 2,048, naweza kulisoma kosa kwa hatua za hezi 12 hivi. Mara ya kwanza kuziona zile ncha zikisimama kwenye grafu niliita watu wa nyumbani waje kuziangalia.

Njia hii ina gharama. Kuzidisha huikuza kelele pia, na kwa meli za mbali ncha huzama. Kwa hizo natumia kipimo kilichotoka kwenye meli ya karibu muda mfupi uliopita, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa ni ya dongo yangu wala si ya meli.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Kichujio chembamba, tofauti ya pembe kati ya sampuli na sampuli, kisha kuchagua ipi kati ya zile tano iko katikati ya biti. Wengi hufunga mzunguko wa kufuatilia saa, yaani mapigo ya biti; kwa ujumbe wa biti 256 naona hauna haja, saa haipati muda wa kupotea. Inafuata kufungua NRZI (usimbaji ambao sifuri ni badiliko na moja ni kutobadilika), kuondoa sifuri iliyopachikwa baada ya kila moja tano mfululizo, na kukagua CRC ya biti 16, namba ya kuthibitisha kwamba ujumbe haukuharibika. Huku kusini mwa ikweta latitudo ni namba hasi, kwa hiyo biti zake 27 lazima zisomwe kwa alama. Namba za meli zinazoanza na 674 au 677 ni za Tanzania, 634 ni za Kenya.

Kilichobaki ni meli za mbali. Kichujio cha Gauss, kinacholainisha wimbi kwenye mtambo wa meli, huchanganya biti jirani, na moja iliyobanwa na sifuri mbili hutoka imenywea. Hizo ndizo zinazosomwa vibaya kwanza. Naandika kanuni ya Viterbi, inayopima mfuatano mzima badala ya kuamua biti moja moja. Nitazipitisha njia zote mbili kwenye rekodi ileile, nihesabu ni jumbe ngapi zinapita CRC kila upande.