Siku moja maishani mwangu: saa kumi na moja na robo, Eureka

Saa kumi kasorobo usiku

Simu inatetemeka chini ya mto, naizima upesi. Ukuta unaonitenga na fundi mitambo ni mwembamba, na yeye jana alikesha na jenereta. Dirisha ni jeusi. Leo ni tarehe 12 Februari. Jua tuliagana nalo mwezi wa Oktoba, na tunalitarajia kwenye tarehe 21 hivi ya mwezi huu.

Niko Eureka, kituo cha hali ya hewa katika kisiwa cha Ellesmere, Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada. Tuko karibu na nyuzi 80 za latitudo. Ukitoka hapa kwenda Ncha ya Kaskazini ni kama kilomita 1,100 tu. Kijiji kilicho karibu zaidi, Grise Fiord, kiko umbali wa kilomita 400 hivi, na barabara ya kwenda huko haipo. Msimu huu tuko watu wanane.

Mimi ni mwangalizi wa hali ya hewa. Nilizaliwa Pangani, kwa watu wanaohesabu saa kwa jua: likichomoza siku imeanza, na baada ya muda kidogo ni saa moja. Mwaka wangu wa kwanza hapa nililihofia jambo hili kuliko baridi. Nitasemaje "saa mbili asubuhi" mahali ambapo asubuhi yenyewe haipo?

Saa kumi na nusu

Kuvaa kunachukua robo saa. Fulana ya sufu, nyingine juu yake, suruali mbili, koti zito, soksi mbili, buti, glavu nyembamba ndani ya glavu nene. Glavu nyembamba ndizo muhimu kwangu, kwa sababu kufunga fundo la uzi kunataka vidole, na chuma cha baridi hii ukikishika kwa mkono mtupu kinang'ang'ania ngozi.

Kipimajoto kinaonyesha −44. Si ajabu kwa Februari, mwezi wa baridi kali kuliko yote hapa. Rekodi ya kituo ni −55.3, tarehe 15 Februari 1979.

Nje hakuna upepo hata kidogo. Kope zinaanza kushikana kabla sijafika mita ishirini. Nasimama nitazame anga, maana hiyo ni kazi na si matembezi: mawingu hakuna, nyota zote zipo, na fuwele ndogo za barafu zinaelea hewani. Juu ya kila taa ya kituo imesimama nguzo ya nuru, nyembamba na ndefu, kwa sababu fuwele hizo zinaakisi mwanga kama vioo vidogo. Naziandika. Umbali wa kuona usiku tunaupima kwa taa ambazo umbali wake unajulikana. Leo zote zinaonekana.

Saa kumi na moja na robo alfajiri

Kwenye banda la puto nimeshawasha chombo chetu cha kupimia, redisonde, kidude cheupe kinachotoshea kiganjani. Kinapima joto na unyevu, na kwa kufuatilia satelaiti za GPS kinatuambia upepo unavuma kutoka wapi na kwa kasi gani. Puto linajaa gesi taratibu. Mpira mweupe unanyanyuka kutoka mezani, unasimama, unanipita urefu.

Hapa ndipo ninapotaka kulieleza lile jambo la saa. Watu wa hali ya hewa duniani kote wanatumia saa moja ya pamoja, UTC, ili vipimo vyote vilingane. Maputo ya asubuhi hii ni ya saa 12 UTC, na tunayarusha mapema kidogo, saa 11:15, ili yafike juu kwa wakati. Majira ya baridi Eureka iko nyuma ya UTC kwa saa sita. Saa za Kiswahili nazo zinapishana kwa saa sita na saa ya ukutani. Kwa hiyo ukutani ni 5:15, kwenye kompyuta ni 11:15, na kwa lugha ya mama yangu ni saa kumi na moja na robo. Kiswahili na UTC vinakutana hapa, dakika kwa dakika! Siku nilipoligundua hilo nilikuwa peke yangu bandani na nilisema kwa sauti, "Kumbe." Tangu siku hiyo sijaona tabu tena kusema saa zangu katika giza. Saa inayoniamsha ni ya puto, na lugha yangu inaijua.

Naachia. Puto linapanda kimya, uzi unanyooka, kidude kinalifuata. Wakati huo huo, katika mamia ya vituo duniani, watu wengine wanaangalia puto lao likipanda. Dagoretti, Nairobi, nako hurushwa maputo kama haya.

Saa kumi na moja na nusu hadi saa moja asubuhi

Sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nimevua koti, nina kikombe cha chai ya tangawizi, na kwenye kioo cha kompyuta mistari inachorwa.

Chini ilikuwa −44. Puto limepanda mita mia chache na tayari ni −33. Linazidi kupanda, hewa inazidi kupata joto, mpaka kama kilomita moja juu ya vichwa vyetu ni −27. Kwetu mtoto yeyote anajua kwamba ukipanda Kilimanjaro unakutana na baridi. Hapa majira ya baridi ni kinyume: ardhi haipati jua, inapoteza joto lake angani usiku wa miezi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inatulia bondeni kama maji kwenye bakuli. Maabara ya utafiti wa anga iliyoko kwenye kilima kilomita 15 kutoka hapa, mita 610 juu ya bahari, mara nyingi ina joto kuliko sisi tulio ufukweni.

Baada ya hapo joto linashuka tena, na linashuka sana. Kilomita 20 juu ni −79. Namba hii siiangalii kwa utulivu. Baridi ya namna hiyo inazalisha mawingu ya pekee ambayo, jua likirudi, huisaidia klorini kula ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Majira ya kuchipua ya 2011 ozoni juu ya Aktiki ilipungua vibaya sana, na vipimo vya Eureka vilikuwa miongoni mwa vilivyolionyesha hilo. Kuna siku tunafunga kwenye puto chombo cha pili, cha ozoni. Nairobi nao wanacho.

Puto linapasuka kilomita 31 juu. Huko hewa iliyobaki ni kama asilimia 1 ya ile tunayopumua, na mpira umetanuka hadi ukomo wake. Muda si mrefu vipimo vyangu vimeshaingia kwenye kompyuta za vituo vya utabiri, Kanada na kwingineko.

Kuna wakati watu wananiuliza, puto la nini siku hizi na satelaiti zimejaa? Satelaiti inaangalia kutoka juu na kukisia joto la kila tabaka. Redisonde inapita ndani ya tabaka lenyewe, na ndiyo inayotumika kuhakikisha kama satelaiti imesema kweli. Eureka ilianzishwa tarehe 11 Aprili 1947, Kanada na Marekani zilipokubaliana kujenga mlolongo wa vituo vitano huku: Resolute, Eureka, Isachsen, Mould Bay na Alert. Isachsen ilifungwa 1978, Mould Bay 1997. Nikiitazama ramani ya vipimo vya asubuhi, naona nafasi tupu mahali vilipokuwa. Inaniuma. Ndiyo maana sijawahi kuichukulia saa kumi na moja na robo kwa wepesi.

Nasali alfajiri baada ya puto. Kwa kuwa hakuna mawio wala machweo ya kufuata, nafuata ratiba ya watu wa mji wa Winnipeg, ambao saa zao ni zetu.

Saa tatu asubuhi

Kila saa natoka kuangalia anga na kuandika. Safari hii nakuta nyayo kwenye theluji, kubwa kuliko kiganja changu, zimepita nyuma ya jiko. Mbwamwitu weupe wa huku hawaogopi watu, wanakaribia mpaka unasikia pumzi zao. Hatuwapi chakula hata wakitutazama vipi. Akizoea kulishwa, siku moja atamdhuru mtu. Nawajulisha wenzangu kwa redio ya mkononi, kisha naendelea.

Saa sita mchana

Hii ndiyo saa ambayo watu wanane wanajikuta dirishani bila kuitana. Upande wa kusini, ng'ambo ya ghuba ya Slidre iliyoganda, anga limekuwa jekundu chini na kijani kibichi juu yake. Jua liko chini ya upeo, lakini nuru inatosha kusoma gazeti nje. Desemba saa kama hii hukuona hata mkono wako. Mpishi ameacha sufuria motoni anatazama.

Pangani ni saa tatu usiku. Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jua limetoka?"

"Bado siku tisa, mama."

"Huku linatuunguza. Kaskazi imeshika, bahari imechafuka, mashua zimelala. Umekula?"

"Nakula sasa hivi. Samaki na viazi."

"Samaki wa barafu," anasema kwa huruma. Kisha kama kawaida anamkumbuka baba, Mungu amrehemu, aliyekuwa akitazama wingu moja tu juu ya kisiwa cha Maziwe akageuza ngalawa kurudi nyumbani. "Kazi yako na yake ni moja," ananiambia. Nanyamaza kidogo. Kwetu neno kaskazi lina joto ndani yake.

Saa nane mchana

Ndege inatarajiwa kesho. Huja kila baada ya wiki tatu hivi na mboga mbichi na barua. Mizigo mizito inasubiri meli, mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Nasaidia kuangalia taa za uwanja. Nyanya zilikwisha siku nyingi.

Saa kumi na moja na robo jioni

Puto la jioni ni zamu ya mwenzangu, lakini upepo umeamka na ameniomba. Kipimajoto kimepanda hadi −29 ndani ya saa tatu. Hakuna joto jipya lililokuja: upepo umekoroga hewa kama mwiko kwenye uji, ile ya juu yenye joto imeteremka na ya bondeni imetawanyika. Mchoro wa asubuhi ulikuwa umeshatuonyesha joto hilo lilikojificha.

Tunatoka, yeye na puto, mimi na redisonde. Theluji inapita magotini kama moshi. Anaachia, nakimbia hatua nne nikiachia uzi, na upepo unalilaza puto chini. Redisonde inapiga ardhi, uzi unakatika, puto linaondoka tupu.

Hatusemi neno. Kanuni inaturuhusu kurudia. Tunajaza la pili huku vidole vinauma, mwenzangu anasubiri mlangoni akihesabu mapigo ya upepo, na penye utulivu mdogo ananiita kwa jina. Safari hii nashikilia uzi mpaka puto linivute bega. Linapanda. Tumechelewa, lakini mstari unachorwa na pengo halitakuwepo.

Saa tatu na nusu usiku

Nimekula, nimeandika kumbukumbu za siku, nimesali isha. Vidole viwili bado vinawasha. Intaneti ya hapa ni ya satelaiti na ni ya taratibu, kwa hiyo ujumbe wa sauti wa mama unafika kwa vipande. Kwanza jogoo. Halafu ufagio uani. Halafu sauti yake: "Mwanangu, huku ndiyo linachomoza, naliangalia."

Nausikiliza mara mbili. Kisha natega simu, saa kumi kasorobo, na kuirudisha chini ya mto.