Mangola, kambi isiyo na mkubwa

Kabla sijamwona Mhadzabe hata mmoja nilikuwa nimeshalipa mara tatu: kuingia kijijini, mwongoza njia, na kitu kilichoitwa mchango wa kambi, ambacho hakikuwa na risiti. Ongeza bodaboda ya kutoka Karatu, mwendo wa kumeza vumbi hadi Mangola, na chumba cha kulala wageni chenye neti iliyotoboka kilichouzwa kwa bei ya Arusha mjini. Nililipa vyote nikiwa na hasira, lakini nililipa, kwa sababu kwa miaka mingi nimetaka kujua jambo moja: ni kweli watu wanaweza kuishi pamoja bila mtu yeyote wa kuwaamuru?

Wahadzabe ni watu elfu moja na kitu tu, wamezunguka Ziwa Eyasi, upande wa Karatu na upande wa Mbulu. Hawana mtemi. Hawana jumbe wala baraza la wazee lenye kutoza faini. Wanaishi kwa mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali na nyama, na anayeangusha mnyama mkubwa hana mamlaka ya kumnyima mwenzake.

Habari za kuwinda alfajiri sitazirefusha. Tulikimbia kwenye miiba, tukarudi na ndege wawili.

Jioni ndipo nilipoona nilichokifuata. Wanaume walikuwa wanacheza kamari chini ya mbuyu, wakirusha vipande vya magome kwenye shina, na dau lao ni mishale. Si mishale ya mti mtupu, bali ile yenye vigumba vya chuma, ambavyo huvipata kwa wahunzi wa Kidatoga kwa kubadilishana na asali. Mmoja akachukua mshale. Mwenzake akasema hakushinda kwa haki. Sauti zikapanda, wote wawili wakasimama, na kila mwanamume pale alikuwa na upinde karibu. Nikaanza kutazama huku na huku nikimtafuta mzee atakayenyanyua mkono.

Nikamwuliza kijana aliyekuwa akinitafsiria, ambaye amepita shule kidogo, "Kaka, nani ataamua?"

"Ataamua nini?"

"Nani ana haki ya ule mshale."

Akanitazama. "Anao yule pale. Huyu mwingine amekasirika."

Hakuna aliyeamua. Wazee waliendelea kuvuta kiko chao cha jiwe. Mwanamke mmoja akasema jambo kwa sauti kubwa bila kumtazama mtu, watu wakacheka, na wagomvi wakaketi mbali mbali. Asubuhi yule aliyekasirika hakuwepo, wala mke wake, wala watoto. Walikuwa wamechukua sufuria, ngozi na upinde, na kibanda chao cha nyasi kimeachwa wazi. Hakuna aliyeshangaa. Kijana akaniambia wamekwenda kwa shemeji yao, ng'ambo ya kilima, na wakichoka huko watarudi.

Nimefikiria sana habari ya kibanda kile. Mimi ni mtu wa Kahama. Mapema miaka ya 1980, ng'ombe walipoibwa hadi watu wakaogopa kulala, na polisi wakawa hawafiki au wakifika hawasaidii, wakulima na wafugaji wa Kahama na Nzega walijiundia sungusungu. Baba yangu aliikesha zamu yake na upinde mgongoni, kama hawa Wahadzabe. Lakini tazama tofauti: katika miezi michache tu sungusungu ilikuwa na mtemi wake, makamanda, mahakama chini ya mti, faini ya ng'ombe, na adhabu ya kususiwa, ambapo hata moto jirani hakupi. Serikali ikaja kuitambua kwa sheria mwaka 1989. Tulipokosa dola tulijitengenezea nyingine haraka, tena kali kuliko ya kwanza, na waliopigwa bila kosa walikuwepo.

Naamini sababu ni ng'ombe. Mwenye zizi hawezi kuhama usiku kwa ajili ya ugomvi. Mwenye shamba hawezi, mwenye ghala hawezi. Pale Mangola kwenyewe, kilomita chache kutoka kambini, wakulima wa vitunguu wanapimiwa lumbesa, magunia yaliyofungwa hadi yakaota kichwa, jambo ambalo sheria imelikataza, na wanalia wapate mtu wa kuisimamia sheria hiyo. Mhadzabe hana cha kupimiwa. Anachokipata leo kinaliwa leo, na mguu wake ndio rufaa yake.

Nilikuwa tayari kurudi nyumbani na jibu hilo. Kisha nikamfuata bibi mmoja kuchimba mizizi. Tulipofika alipokusudia, udongo ulikuwa umekanyagwa na mifugo hadi umekuwa unga, na kisima kidogo cha karibu kilikuwa matope. Alichokoa kwa mti wake muda mrefu, akapata mizizi miwili mikonda.

"Shikamoo bibi, wenye ng'ombe hawa mmewaambia?"

Kijana akatafsiri jibu: "Zamani ukigombana na mtu unahama. Siku hizi utahamia wapi? Kila ninapokwenda nakuta ng'ombe au vitunguu."

Serikali anaijua vizuri. Waliomtangulia walisombwa kwa malori katikati ya miaka ya 1960 kupelekwa Yaeda, bonde la upande wa Mbulu, wakalime, wengi wakaugua, waliobaki wakarudi porini kwa miguu. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji ya Falme za Kiarabu ilipewa nafasi Yaeda, ikajitoa baada ya kelele nyingi. Lakini anajua pia kwamba mwaka 2011 ndugu zake wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi, zaidi ya hekta 20,000, na mfugaji akiingia kuna mahali pa kumshtaki. Kambi yake yeye iko nje ya mipaka hiyo.

Kwa hiyo mwanamke ambaye kwao hakuna mtu wa kumwamuru aliniomba mimi, kwa kuwa nilitoka mjini na nilikuwa na daftari, niwaambie wa serikali waje kuweka mawe ya mpaka. Nikamwambia mimi si mtu wa serikali.

"Lakini wewe unajua wanakokaa," akasema, na akaanza kunionyesha kwa ule mti wa kuchimbia: kile kilima, lile korongo, mibuyu ile mitatu, hadi kwenye maji. Nikayaandika yote kwa mpangilio alioutaja.