Riwaya mbili nilizomaliza karibuni

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) imeniacha na moyo mzito. Zakaria anamtwanga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na huku yeye mwenyewe ni mlevi wa kutupwa! Pale nilifunga kitabu kwanza nikavuta pumzi. Mwisho wake sijaupenda hata kidogo. Rosa alistahili nafasi ya kusimama tena.

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi nimeifurahia zaidi. Yasmin alipomkimbia yule mume mzee nilimshangilia kabisa. Mazungumzo ya riwaya hii matamu mno, unawasikia watu wakisema. Denge tu, mpenzi wa Yasmin, ndiye aliyenichosha: siasa asubuhi, siasa jioni, Yasmin anabaki kumsubiri. Hata hivyo, hii nitaisoma tena.